Mwanga wa Mgomba

Siwezi kupita mbele ya karakana ya kuchapa fulana. Harufu ya wino uliochanganywa na thina ikinifikia tu, navuka barabara, hata kama upande wa pili ni jua kali na vumbi. Wenzangu kazini wanadhani nina pumu, na nimewaacha wadhani hivyo. Ni rahisi kumwambia mtu una pumu kuliko kumwambia kwamba ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa mtoto mwenye akili kuliko wote mtaani kwenu, na kwamba akili ile iliwaponza watu wawili, mmoja wao akiwa ameshakufa.

Baba alikuwa na chumba kimoja cha kuchapia pale Moshi mjini, nyuma ya maduka ya vitambaa. Tulikaa mtaa wa Soweto. Mama alikuwa sokoni na mchele wake tangu alfajiri, kwa hiyo shule ikifungwa nilishinda na Baba. Ndani kulikuwa na meza ndefu, fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba, madebe ya wino, kiti cha picha za pasipoti, na kompyuta moja nzito iliyopumua kwa sauti. Mimi nilikaa kwenye kompyuta. Watoto wengine walicheza rede na kombolela, mimi nilikuwa nachambua nyuso za watu waliokufa.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi misiba ilivyoanza kuvaa fulana. Zamani watu walijifunga kanga na kitenge, wakalia, wakazika. Mara tukaanza kuona marehemu kifuani mwa kila mtu, jina chini, pumzika kwa amani. Kazi ya Baba ilikuwa hiyo. Tatizo ni kwamba kila rangi ilitaka fremu yake. Picha ya mtu ina rangi zisizohesabika, na Baba alikuwa na fremu nne, tano akijitahidi sana. Ilibidi sura ipunguzwe rangi bila mtu kupotea.

Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, na Baba aliita kutresi. Unaingiza picha, unaiambia unataka rangi ngapi, nayo inaizunguka sura yote na kuikata vipande, kila kipande rangi moja na mpaka wake. Alisema picha iliyokatwa hivyo inaitwa vekta, unaweza kuikuza hata ienee ukuta mzima isivurugike. Neno hilo halikunigusa. Kilichonigusa ni kwamba ukibonyeza kipande kimoja kinakubali. Unalishika shavu peke yake bila pua. Ukitaka unalibadilisha rangi, ukitaka unalitupa.

"Anza na mbili," Baba alikuwa akisema. "Mbili tu. Nionyeshe jua lilikuwa wapi."

Rangi mbili ni mwanga na giza, basi. Unaona mara moja jua lilisimama upande gani siku ile mtu alipopigwa picha, na pua imetupa kivuli wapi. Nikikosea, Baba hakunigombeza. Alinitoa nje, akasimama juani, akageuka polepole huku mimi nikitaja: sasa liko kulia kwako, sasa liko nyuma. Wapita njia walidhani tumerukwa na akili. Rangi nne zilileta macho na mdomo. Rangi nane ndizo zilizoanza vituko. Kulikuwa na bibi mmoja aliyevaa kanga nyekundu, na chini ya kidevu chake kompyuta ilinitolea kipande chekundu. Nikamwambia Baba mashine imeharibika.

"Haijaharibika. Nguo inammulika," alisema. "Kitu chochote kikipigwa na jua kinamgawia jirani rangi yake. Wewe umezoea kusema bibi ni mweusi, ndiyo maana hukuona."

Tangu siku hiyo nikawa kero. Nilitresi picha ya kalenda yenye mlima, na theluji ya Kibo, niliyoijua nyeupe tangu nazaliwa, ikatoka ya bluu upande mmoja na ya rangi ya chungwa upande wa pili. Nikaenda shule nikamwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba shati lake jeupe si jeupe, kwapani lina bluu. Nilipigishwa magoti nje mpaka kengele ya mapumziko. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mtoto wako atatuambia ugali ni kijani," alimwambia Baba. Mimi sikujali. Nilishaamua kwamba watu wanaona wanachotaka na kompyuta inaona kilichopo, na kwamba mimi niko upande wa kompyuta. Hakuna aliyeniambia kwamba kuona kitu na kukijua ni mambo mawili.

Krismasi tulipanda Marangu, kijijini kwetu, kama kila Mchaga mwenye nauli. Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mtoto wa kwanza wa kiume anakatiwa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Kitinda mimba anarithi nyumba ya wazee na kuwatunza. Wa katikati anapewa baraka na nauli ya kwenda kutafuta kwake. Baba alikuwa wa katikati. Kila mwaka alipanda mlimani na sukari na mchele, akakaa kwenye kiti cha mgeni nyumbani kwa wazazi wake mwenyewe. Na mtu wa kwetu asiye na mahali pa kuzikwa kule juu, hata awe na magari kumi mjini, wanamhesabu kama kijana. Krismasi ile mambo yalikuwa yamebadilika. Baba Mkubwa, kaka yake wa kwanza, alikuwa ameahidi kumkatia kipande cha chini, karibu na mfereji, ili ajenge. Baba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena.

Baba Mkubwa alikuwa mtu wa watu. Aliimba besi kanisani. Kwenye msiba wa jirani alifika wa kwanza na jembe begani. Mbuzi akichinjwa, alitukatia sisi watoto ini kabla wazee hawajaonja. Nilimpenda, na sitajifanya leo kwamba nilihisi kitu. Mke wake, Mama Mkubwa, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha ghafla, na alikuwa na binti mmoja, Vero, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja. Vero na mimi tulilala kitanda kimoja kila Krismasi na kugombania blanketi.

Asubuhi ya mkesha Baba alinichukua na sahani nyeupe ya udongo, tukaingia kati ya migomba na kahawa.

"Sahani ina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Iangalie. Usiikumbuke, iangalie."

Nikaiangalia. Ilikuwa kijani, wallahi kijani kabisa, jani zima la mgomba limeishukia. Baba akaniambia nitazame na mkono wangu, nao ulikuwa na kijani. Nikajiona nimefunuliwa siri ambayo kijiji kizima kimeishi chini yake bila kuijua. Nikamwomba simu yake yenye kamera nikatafute uso.

Uso nilioupata ulikuwa wa Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa migomba, uso kauelekeza uani, anamenya ndizi za mtori, na kitambaa cha kichwa alikuwa amekishusha mpaka nusu ya shavu. Nikamwambia nataka kumpiga picha ya kujifunzia.

"Basi piga upande huu, mwanangu," alisema, akageuza uso.

"Upande huo una giza. Jua liko huku."

"Huku sipendezi."

"Si ya kupendeza, Mama Mkubwa, ni ya kutresi. Na hicho kitambaa kinazuia."

Nilimwamrisha hivyo, mtu mzima, kwenye uwanja wake. Alitazama kuelekea nyumba kubwa, ambako wanaume walikuwa wameshaanza kunywa mbege. Kisha akaweka kisu chini, akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akakivuta kitambaa mwenyewe mpaka nyuma ya sikio, akaniangalia usoni.

"Itakaa wapi hiyo picha?"

"Kwenye kompyuta ya Baba. Haifutiki."

"Basi itunze," alisema.

Nikapiga. Akashusha kitambaa akaendelea kumenya. Siku iliyofuata tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale uwanjani, na watu wazima wote waliokula nyama ya Krismasi walikuwa na macho. Mama yangu hakuwepo, alibaki mjini na biashara. Shangazi mmoja alisema Mama Mkubwa amepigwa na pembe ya ng'ombe zizini, akasema hivyo bila mtu yeyote kumwuliza.

Kabla ya Pasaka Mama Mkubwa alikufa. Ilisemekana aliteleza kwenye mawe ya mfereji akiteka maji, kichwa kikagonga. Kila aliyeleta habari aliileta kwa maneno hayohayo: aliteleza, mawe, maji. Baba alilia kwenye simu mbele yangu. Kisha akaniambia zinatakiwa fulana, na picha pekee ya karibuni ni ile yangu.

Yeye alikuwa na fremu za kutayarisha, kwa hiyo alinikabidhi mimi sura. Mnaelewa heshima hiyo kwa mtoto wa miaka kumi? Sikulia. Nilikaa wima kwenye kiti nikaapa kwamba hii itakuwa kazi yangu bora. Nikaanza na mbili, kama nilivyofundishwa. Upande wa jua wote ulitakiwa uwe mwanga, lakini shavuni, chini ya jicho, kulikuwa na kisiwa cha giza. Hakuna pua pale, hakuna kofia. Nikaweka nne, kisiwa kipo. Nikaweka kumi na sita ili nione kimetengenezwa na nini, na kikajigawa vizuri sana: zambarau katikati, kijani kuizunguka, na nje manjano ya ganda la ndizi.

"Baba, kuna kivuli upande wa jua."

Baba alikuja na mikono ya wino. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikageuka kumtazama.

"Wewe unaona ni nini?" aliniuliza.

Nilidhani ni mtihani. Ndivyo alivyokuwa akiniuliza siku zote, kwa sauti hiyohiyo. Nikafikiri kidogo, halafu jibu likaja nikafurahi.

"Ni kijani. Ni mwanga wa mgomba. Ulinionyesha kwenye sahani."

Aliangalia dirishani, akaiangalia tena picha.

"Watu hawataelewa kwenye fulana," alisema mwishowe. "Watadhani ni wino umemwagika. Kitoe."

Nikakitoa. Nilishika kipande kimoja kimoja nikakipaka rangi ya shavu, vilikuwa vipande saba, nikivihesabu kwa sauti. Shavu likawa safi. Mama Mkubwa akawa na sura ya mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Baba akanishika kichwa na mkono wake wa wino, akasema nimefanya vizuri, na mimi nikaamini.

Kesho yake mchana, fulana zikiwa zimeanikwa kwenye kamba chumba kizima, aliingia Mjomba Protas. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, mkulima wa mpunga Chekereni, mtu mkubwa wa mwili mwenye matope yaliyokauka kwenye viatu. Nilimwita mjomba kwa sababu Vero alimwita hivyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anatazama zile fulana, sura ya dada yake mara arobaini.

Inabidi mjue kwamba kwetu mwanamke aliyeolewa anazikwa kwenye kihamba cha mume, lakini haingii kaburini mpaka ndugu zake wa kuzaliwa waseme wameridhika. Wakisema bado, jeneza linakaa. Wazee watakaa chini, maswali yatajibiwa, na hata polisi watapanda. Mjomba Protas ndiye aliyekuwa wa kusema.

"Shemeji," alimwambia Baba, "hii imepakwapakwa. Naitaka ile picha yenyewe, kama ilivyopigwa Krismasi."

Baba alikuwa ameshika kipande cha raba cha kuvutia wino. "Ile ilikuwa kwenye simu," alisema. "Simu ilijaa, nikafuta."

"Ipo," nikasema mimi. "Mjomba, ipo huku kwenye kompyuta. Ni mimi niliyeipiga."

Baba aliniangalia. Sikuelewa macho yale, nilidhani amesahau tu. Nikaifungua. Mjomba Protas akainama mpaka nikasikia pumzi yake, akaweka kidole kizito kwenye kioo, palepale.

"Hii ni nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali nililolijua vizuri zaidi ya hilo.

"Hicho ni kijani cha mgomba, Mjomba. Alikuwa amekaa karibu na migomba. Jani likipigwa na jua linamgawia mtu rangi yake. Watu wengi hawajui."

"Vero ameniambia mama yake alikuwa na alama hapa. Ameniambia alipigwa."

"Vero ana uchungu," nikamwambia. Nilisema hivyo, kama mtu mzima. "Lakini Vero hajafundishwa mambo ya mwanga. Njoo nikuonyeshe."

Nikamshika mkono mtu yule mzima, nikampeleka mlangoni kwenye jua. Kulikuwa na beseni la plastiki la kijani tulilooshea fremu. Nikaliinua karibu na shavu lake kwa mikono miwili, nikamwambia ashike kile kioo cha wateja wa pasipoti ajitazame. Alijitazama. Kijani kilikuwa kimemwenea kutoka sikioni mpaka puani. Akalisukuma beseni mbali, kikatoka. Akalivuta, kikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, na macho yake yakajaa machozi.

"Kumbe," alisema.

Nilitabasamu. Nyuma yetu Baba alikuwa amesimama na raba yake, wino unadondoka kwenye kiatu. Neno moja lingetosha. Angeweza hata kukohoa. Aliyenifundisha kijani alijua vizuri kuliko mimi kwamba Mama Mkubwa alitazama uani, penye udongo mtupu, na udongo wetu ungemmulika kwa wekundu. Alijua hakuna jani duniani linalotoa zambarau. Mimi pia nilijua, ningefikiri dakika moja tu ningejua, elimu yote nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nasifiwa.

"Mtoto hadanganyi," Mjomba Protas alimwambia Baba. "Nisamehe, shemeji. Nilikuja na moyo mbaya."

"Ni uchungu," Baba akajibu. "Tunaelewa."

Mjomba Protas alipanda Marangu jioni hiyo akawaambia wazee kwamba upande wao umeridhika. Mama Mkubwa alizikwa kesho yake, na watu arobaini walimbeba kifuani akiwa na shavu safi. Baba Mkubwa alilia mpaka akashikwa na vijana. Baada ya maziko wazee walikaa kupanga mambo ya Vero. Mjomba Protas alikuwa ameshawaambia watu barabarani kwamba atashuka naye Chekereni, amsomeshe kule. Alipolisema kwenye kikao aliulizwa kwa sababu gani. Mtoto ana baba, baba hana kosa, wewe mwenyewe umesema umeridhika. Vero alibaki. Usiku wa matanga alichukua blanketi lake akaenda kulala na bibi, nami nikadhani ananionea wivu kwa sababu ya fulana.

Baba alikatiwa kipande chake kabla mwaka haujaisha. Amejenga nyumba ya vyumba vitatu karibu na mfereji, bati jekundu, na siku akifa atazikwa pale kama mtu. Kompyuta ile aliiuza kwa mtu wa vyuma chakavu pamoja na kila kilichokuwemo. Hatujawahi kuzungumza habari hizi. Nikipiga simu ananiuliza hali, namwambia nzuri, namwuliza mvua, ananiambia inanyesha.

Miaka sita ilipita. Nilikuwa nimeacha kupanda Krismasi, kwa visingizio vya masomo, na Vero nilimwona kwa mbali tu kwenye harusi za watu. Likizo moja nilikuwa peke yangu pale chumbani kwa Baba, napiga picha za pasipoti, akaingia. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na fomu mkononi ya shule ya bweni ya masista, mkoa wa mbali, na alisema wanataka picha nne. Alikuwa na kitambaa kichwani, kimeshuka mpaka nusu ya shavu.

Akakivuta mwenyewe mpaka nyuma ya sikio.

Nilikuwa nimeshawasha taa mbili nyeupe. Nyuma yake kulikuwa na shuka jeupe, ukuta mweupe, dari nyeupe. Nilitafuta. Haki ya Mungu nilizungusha macho chumba kizima nikitafuta kitu chochote cha kijani, jani, beseni, kitabu, hata kifuniko cha kalamu. Hapakuwa na kitu. Zambarau katikati, kijani kuizunguka, na manjano nje.

"Nani?" nikamwuliza, kwa ujinga.

"Baba yangu," alisema. "Yuleyule."

"Na mama?"

Alikaa kwenye kiti, akaweka fomu mapajani. "Sista mkuu akiona hii ataandika barua nyumbani kuuliza. Barua ikifika, siendi tena. Nataka shavu safi. Nitolee kama ulivyomtolea mama."

Nikaanza kulia. Nikamwambia hapana, nikamwambia nafunga duka sasa hivi, tunapanda gari, tunaenda Chekereni kwa Mjomba Protas. Nilikuwa nimeshashika kofuli. Nilimwambia safari hii tutampelekea picha yako kama ilivyo, tutamweleza kila kitu, atatusikiliza.

Vero alinisubiri nimalize. Hakupandisha sauti.

"Nilishamweleza," alisema. "Nilimweleza Mjomba, mama akiwa bado mochwari. Akaniamini, akapanda gari akaja hapa. Aliporudi alikuwa anakuamini wewe."

Akanyoosha shingo mbele ya shuka jeupe, akafunga mdomo, akatazama kamera. Nikampiga picha. Kisha nikakaa kwenye kompyuta mpya ya Baba nikalisafisha lile shavu, na safari hii nilijua ninachokitoa.